UZI: Kula samaki ufuoni Dunga, Kisumu. Kuchagua, kuagiza, kungoja na kulipa

#1 WinamJikoni

Wadau, habari za leo. Likizo ikikaribia swali huwa lile lile: nina wageni, niwapeleke wapi Kisumu wakale samaki? Watu humwaga majina ya hoteli na mazungumzo yanaishia hapo. Jina pekee halimsaidii mgeni. Kibanda kimoja, karai moja, meza mbili zimepakana: hii inakula ngege (tilapia) aliyetoka majini alfajiri, ile inakula wa jana aliyerudishwa kwenye mafuta akapashwa moto. Kilichowatenganisha ni yale yaliyosemwa mbele ya kabati la samaki kabla hawajaketi. Uzi huu ni wa hayo.

Nitazungumzia Dunga kwa sababu ndiko wageni wengi huelekezwa siku hizi. Zamani mtu akisema samaki wa Kisumu alimaanisha Lwang'ni, vile vibanda vya mabati vya karibu na mjini ambavyo baadaye vilibomolewa. Dunga ni ufuo wa wavuvi kwanza, na hoteli zimeota kando yake. Kuna kamati ya ufuo (BMU), kuna mizani, mitumbwi inashusha hapo hapo, na pembeni kuna kinamasi cha mafunjo kinachowavuta wapenda ndege kutoka mbali. Kwa hiyo mtalii yupo, na bei ya mtalii nayo ipo. Ukijua la kusema utalipa bei ya kawaida.

Muda. Nyavu za ngege hutegwa jioni, zikavutwa usiku au alfajiri. Mitumbwi mingi hushusha kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi. Ukifika saa tano unusu, samaki mzuri bado yupo na moto wa jiko umeshakolea. Ukifika saa nane Jumapili, makanisa yametoka, wakubwa wamekwisha, na mpishi anakaanga samaki wengi kwenye karai moja hadi mafuta yanapoa. Siku za kazi, Jumanne hadi Alhamisi, ndizo tulivu.

Kuchagua. Usiagize ukiwa umeketi. Inuka uende kwenye kabati au beseni. Jicho liwe angavu na limetuna, si jeupe lililozama. Fungua kifuniko cha shavu uone matamvua: mekundu, si ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, shimo lirudi juu mara moja. Tumbo liwe zima. Tumbo likianza kupasuka lenyewe, samaki huyo amelala bila barafu. Pua ndiyo ya mwisho: samaki mbichi wa ziwani hunukia maji na majani, hanuki "samaki".

Ukubwa. Ngege wa gramu 600, ukitoa kichwa, miba, ngozi na matumbo, hukupa nyama ya karibu gramu 200 tu. Huyo ni wa mtu mzima mmoja mwenye njaa, pamoja na ugali. Wadogo wa gramu 300 wanaonekana nafuu, ila unalipia miba. Kama mko wawili, chukueni mmoja wa kilo moja badala ya wawili wa nusu kilo: nyama ya mgongoni ni nene, haikauki ndani ya mafuta.

Kuagiza. Maswali ni manne, yote kabla ya kuketi. Huyu ni bei gani? Bei hiyo ina ugali, mboga na kachumbari ndani yake, au kila kimoja kinalipiwa? Huyu ni mbichi au amekwishakaangwa? Na atapikwa vipi? Kisha umwonyeshe mpishi kwa kidole: huyu huyu. Jiko likijaa watu, mwambie amkate chale tatu upande mmoja na mbili upande wa pili. Akija mezani utamtambua.

Kungoja. Samaki mbichi wa kukaanga mkavu ni dakika 30 hadi 40 tangu uagize, wa mchuzi ni 45 hadi saa nzima. Akiletwa baada ya dakika kumi, huyo alikuwa amekaangwa tayari.

#2 MamaKarai

WinamJikoni umesema vizuri, mwanangu, ila umeharakisha kwenye karai. Samaki wengi hawaharibikii ziwani, wanaharibikia kwenye karai. Acha nieleze, ili mtu akikaa mezani ajue anachokula, na akitaka kupika nyumbani apike.

Samaki aparuliwe magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani. Matumbo yatoke, matamvua yatoke, na ule utando mweusi ulio ndani ya tumbo ukwanguliwe wote kwa kidole cha gumba na chumvi. Utando huo ndio unaoleta uchungu. Wapishi wenye haraka huuacha. Ukila ubavu ukakuta uchungu kama wa dawa, sababu ni hiyo, au nyongo ilipasuliwa wakati wa kutoa matumbo.

Chale zikatwe mshazari, tatu kila upande, zifike karibu na mfupa zisiuguse. Zisipofika, mkia utaungua wakati mgongo bado mbichi. Chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya samaki, ipakwe hadi ndani ya chale na tumboni, akae dakika 20. Ndimu ikiwepo, nusu tunda. Kisha ANING'INIZWE au alazwe kwenye wavu maji yachuruzike. Hapo ndipo wengi hukosea. Samaki mwenye maji hurusha mafuta, hupoza karai, na ngozi hushika chini.

Mafuta yawe mengi, samaki aelee. Yapate moto hadi ukichovya mwiko wa mbao yanachemka kandokando yake kwa vipovu vidogo vya haraka. Yakitoa moshi yamezidi, ngozi itakuwa nyeusi na ndani damu. Yakikaa kimya hayajafika, samaki atayanywa, na ukimla midomo itateleza. Mweke, usimguse dakika nne. Ngozi ikikauka hujiachia yenyewe. Ukilazimisha kumgeuza mapema utaacha nusu ya ngozi karaini. Ngege wa gramu 600 ni dakika 10 hadi 12 jumla. Akiiva, ile sauti ya kuchemka hupungua, maana maji yake yamekwisha.

Nasisitiza moja kwa mnaoenda na kundi: usimharakishe mpishi. Ukimwambia "leta tu", ataongeza samaki karaini, mafuta yatapoa, na mtakula samaki laini wenye mafuta mkisema Dunga siku hizi hakuna kitu.

#3 Section58_Nakuru

Shikamoo Mama Karai. Asanteni sana. Sisi tunatoka Nakuru, watu 15 kwenye matatu moja ya kukodi: wazee watatu, watoto wanne walio chini ya miaka kumi, na wageni wawili kutoka Ujerumani ambao hawajawahi kula samaki mwenye kichwa. Tuagize nini ili kila mtu ashibe na hakuna mtoto anayekwama mwiba? Na mmoja wa wageni anataka kamba na pweza, ameambiwa hoteli za ziwa zinavyo.

#4 KongoweaHadiKondele

La kamba na pweza nijibu mimi, maana Pwani ndiko kwetu. Hao ni wa Bahari ya Hindi. Ukiwakuta kwenye menyu Kisumu wamesafiri kutoka Mombasa wakiwa kwenye barafu, na utalipia safari hiyo. Ziwa Victoria lina kamba wake, ochong'a, lakini ni mdogo kama uzi uliokatwa na huishia kwenye chakula cha kuku pamoja na omena (dagaa) wasiofaa. Mwambie mgeni ale cha ziwa akiwa ziwani, na pweza amsubiri akifika Pwani.

Kwa wenzangu wa Pwani wanaosoma: msimpime ngege kwa kipimo cha changu au tafi. Samaki wa maji baridi hana chumvi ya bahari ndani ya nyama. Asipotiwa chumvi mapema hata mchuzi mzuri haumsaidii, nyama ya ndani inabaki bila ladha. Ndiyo maana zile dakika 20 alizotaja Mama Karai si za kuruka. Tena msimwagize wa kupaka. Tui la nazi la pakiti juu ya ngege wa kukaanga haligeuki kuwa kupaka. Huku mwelekeo ni nyanya, kitunguu na dhania, na inatosha.

#5 JalupoWaGhuba

Ndugu wa Nakuru, karibuni. Kwanza mjue samaki wenyewe, mtaagiza vizuri.

Ngege ndiye huyo wa sahani, mzima, mkia na kichwa. Wengi mnaokula leo ni wale walioletwa ziwani katika miaka ya 1950. Ngege wa asili wa ziwa hili, aliyevuliwa kwa wingi tangu nyavu za makila zilipoingia mwaka 1905, karibu ametoweka.

Mbuta ni yule mkubwa, Watanzania humwita sangara. Naye aliletwa, miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametanda ziwa zima. Hufikia hata kilo 200, ila wa hotelini ni wa kilo mbili hadi sita. Nyama nyeupe, nene, na miba yake ni mikubwa, unaiona. HUYO ndiye wa watoto na wa hao wageni wa Ujerumani. Sheria inataka anayevuliwa asipungue sentimita 50. Ukiona mbuta mdogo kama ngege mezani, usimnunue, unakula mbegu.

Kamongo ana mafuta na nyama nzito, huuzwa sana akiwa amekaushwa kwa moshi. Mumi ndiye kambare mnayemjua. Ningu ni mtamu kupita wote lakini ana miba midogo mingi. Usimpe mtoto, usimpe mgeni, mpe mzee anayejua kumla. Fulu ni wadogo, wa kuchemsha.

Omena: tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wake hufungwa upande wa Kenya. Miezi hiyo utakayekula amekaushwa na kuhifadhiwa. Miezi mingine, wavuvi hutoka na taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu omena hawaji kwenye taa, na bei hupanda. Kama mnamtaka mbichi wa kukaanga, angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kuja.

Na kitu kingine ambacho watu wa mbali hawakihesabu: gugu maji. Kisumu iko kwenye pembe ya ghuba, upepo wa kutoka magharibi hulisukuma gugu hadi hapa likaziba ufuo mzima. Siku hiyo mitumbwi haitoki au inashusha kwingine, na samaki aliye mezani ametoka mbali. Pigeni simu asubuhi muulize ufuo uko wazi au umefungwa.

#6 WinamJikoni

Kwa hesabu ya watu 15 wa Nakuru. Chukueni mbuta mmoja wa kilo nne. Akitolewa kichwa, matumbo na mapezi hubakiza takriban kilo mbili na nusu za vipande. Hivyo ni vya watoto wanne, wageni wawili, na wazee wasiotaka kuhangaika na miba. Vipande viwe na unene wa vidole viwili, vikiwa vyembamba vinakauka. Watu wazima sita waliobaki, ngege watatu wa kilo moja, kila mmoja wa watu wawili. Unga kilo tatu. Mboga za kienyeji sahani sita: osuga, akeyo, apoth. Kichwa cha mbuta MSIKIACHE. Ombeni kipikwe supu peke yake na kitunguu, nyanya na pilipili nzima, na kiletwe kwanza wakati mnangoja. Hoteli nyingi hazikitaji msipokiuliza, na mmekwisha kukilipia.

Hao wa Ujerumani waonyesheni jinsi ya kumla ngege: unaanza na nyama ya mgongoni juu ya mstari wa katikati, unashuka kwenye ubavu, unainua uti wote kwa kuushika mkiani, ndipo unakula upande wa chini. Usimgeuze samaki juu chini, miba ya ubavu huvunjika ikachanganyika na nyama. Wa mikono watumie mikono, kidole hugundua mwiba ambao uma hauuoni.

#7 MamaKarai

Marahaba, Section58. Wazee wenu waagizieni wa mchuzi, si mkavu. Lakini mwambieni mpishi kabla hajaanza, maana samaki wa mchuzi hakaangwi vile vile. Anakaangwa dakika tano au sita tu, ngozi ishike rangi, ndani abaki hajamaliza kuiva. Kisha mchuzi: kwa samaki wawili wa nusu kilo, vitunguu viwili, nyanya nne zilizoiva hasa, vitunguu saumu punje tatu, pilipili hoho nusu. Kitunguu kisiwe cheusi, kiwe cha dhahabu. Nyanya zipikwe hadi mafuta yatokee juu, hapo ndipo ukali wa nyanya umekwisha. Maji kikombe kimoja, samaki aingie, moto upungue, dakika 12, dhania mwisho kabisa. Usikoroge, tikisa sufuria tu.

Hoteli ikimkaanga mkavu kabisa kisha ikammwagia mchuzi juu, hiyo ni njia ya mkato. Nyama haijanywa mchuzi. Mtaijua: mkivunja nyama, ndani ni nyeupe na kavu, mchuzi umekaa nje tu.

Ugali mwulize kama wana wa mtama na muhogo. Ndio unaofaa na samaki wa mchuzi.

#8 Otonglo_Mkulima

Mmesahau jambo kubwa. Je, samaki wa vizimba? Siku hizi wengi wanaouzwa kama "wa ziwani" wamefugwa. Mimi nasema mgeni amelipia samaki wa ziwa, asipewe wa chakula cha dukani.

#9 JalupoWaGhuba

Wa kizimba naye amefugwa humo humo ziwani, kwa hiyo si uongo kamili. Lakini mteja ana haki ya kujua, hapo niko nawe. Dalili: ngege wa vizimba hulingana ukubwa, mara nyingi gramu 300 hadi 500, kama waliopimwa. Tumbo lina mafuta mengi meupe. Mapezi ya mkia wakati mwingine yamesuguliwa na wavu. Wa kuvuliwa hutofautiana: huyu mkubwa, yule mwembamba, mwingine ana alama ya uzi wa wavu shingoni.

#10 WinamJikoni

Nakubaliana na dalili, sikubaliani na hukumu ya Otonglo. Wa kizimba aliyevuliwa asubuhi ni bora mara kumi kuliko wa ziwani aliyelala bila barafu. Tena hesabu ya ziwa haituruhusu kukataa vizimba: samaki wa kuvua wamepungua na walaji wameongezeka. Mimi wa kizimba namla, ila nataka aitwe kwa jina lake na bei yake.

Wa kuogopa ni wa aina mbili. Kwanza, samaki wa vizimba waliokufa wenyewe. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakipanda juu, vizimba vizima hufa usiku mmoja, kama ilivyotokea upande huu wa Kisumu mwishoni mwa 2022. Bei ikianguka ghafla na kila mtu anauza, kaa mbali. Pili, wale wa kugandishwa kutoka China wanaopitishwa kama wa hapa. Mara nyingi huwa wameshatolewa magamba na matumbo, jicho jeupe, na wakiyeyuka nyama hulegea. Ndiyo maana nikasema mchague mzima, mwenye matumbo yake, atumbuliwe mkiona. Hapo mashaka mengi yanaisha, hakuna haja ya kumwuliza mtu katoa wapi.

#11 Otonglo_Mkulima

Sawa, omera. Hilo la kutumbuliwa mkiona nalichukua. Ila bei yake iwe tofauti.

#12 JalupoWaGhuba

Iwe tofauti, ndiyo.

#13 Mkaguzi_wa_Ufuo

Naongeza ya afya, kwa sababu hakuna aliyeyagusa.

Mafuta. Angalieni karai kabla ya kuagiza. Mafuta yakiwa meusi, mazito, yanatoa povu linalokaa juu bila kupasuka, yametumika siku nyingi. Ladha huwa chungu na koo huwasha baadaye. Muulize kwa heshima: mama, mafuta ni ya leo? Mpishi mzuri hakasiriki. Katika kundi la watu 15 mnaweza hata kuomba karai ibadilishwe, mkiongeza kidogo. Ni ombi la kawaida.

Barafu. Samaki akikaa kwenye joto la Kisumu bila barafu, saa sita zinatosha kumharibu. Kabati la kioo si jokofu. Vioo vingi pale ni vya kuzuia nzi na kuonyesha tu. Ndiyo maana samaki wa kabatini saa kumi jioni si yule wa saa tano.

Kachumbari na maji. Kachumbari haipiti motoni. Kama hamjui nyanya zimeoshwa kwa maji gani, wape wageni na watoto mboga zilizopikwa badala yake, na ndimu ya kukamua juu ya samaki. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara kwenye fuo hizi, hasa mvua zikizidi. Maji ya kunywa yawe ya chupa iliyofungwa.

Watoto wasiingize miguu ziwani. Kichocho kipo sana ukanda huu wa ufuo, na hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Ukingo wenye nyasi na konokono ndio mbaya zaidi, na ndio watoto wanaupenda.

Mwiba ukikwama kooni: msilazimishe tonge kubwa la ugali kuusukuma, unaweza kuuzamisha zaidi. Mtu akohoe, anywe maji kidogo kidogo. Ukibaki, au akitema damu, au akashindwa kumeza mate, ni hospitali.

#14 TuktukKondele

Usafiri: kutoka mjini mnapita Milimani, mnaipita Hifadhi ya Impala, mnafuata barabara ya ziwani hadi Dunga. Matatu yenu inafika. Mvua kubwa ikinyesha hapo mwisho pana tope, na miaka ziwa lilipofurika kama 2020 maji yalikula maeneo ya ufuoni, kwa hiyo ulizeni kwanza. Wa tuktuk, patana bei ya kwenda NA kurudi. Jioni usafiri hapo huwa haba na bei hubadilika.

Boti: asubuhi ziwa limelala, alasiri upepo huamka na mawimbi huanza. Kama mnataka kuona viboko na ndege, pandeni saa tatu asubuhi kabla ya kula, si baada. Mwagize samaki kwanza, mpande boti kwa dakika 40, mkirudi anatoka karaini. Kila mtu avae laifu jaketi, na za watoto ziwe za watoto. Nahodha akisema hazitoshi, shukeni. Bei ya boti iwe ya boti nzima, si ya kichwa, na muda utajwe.

#15 Section58_Nakuru

Asanteni sana wote. Mpango wa kuagiza kisha kupanda boti nimeupenda. Maswali mawili ya mwisho. Tulipe vipi ili bili isitushangaze? Na tukitaka kubeba samaki wa kupeleka Nakuru?

#16 WinamJikoni

Bili: mtu mmoja ndiye aagize na mtu huyo huyo ndiye alipe. Watu 15 wakiagiza kila mmoja kivyake, soda tatu huwa tano. Andikeni kwenye karatasi: samaki wangapi, bei ya kila mmoja, ugali, mboga, vinywaji, na huduma ya kupika kama ipo. Wahudumu wengine huhesabu kupika kando na samaki, hasa mkinunua samaki kwa wavuvi wenyewe na kumpeleka jikoni. Hilo linaruhusiwa sehemu nyingi na mara nyingi linakuwa nafuu, ila ada ya jiko ipatanwe kabla samaki hajaparuliwa. Lipeni kwa M-Pesa kwenye namba ya till iliyobandikwa ukutani, si kwa simu ya mhudumu, na msome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Wageni wa nje wasio na laini wabebe noti ndogondogo, chenji huwa shida.

Na kama aliyeletwa si yule mliyemchagua, semeni kabla ya kumgusa. Ukishavunja mkia umemkubali.

#17 MamaKarai

Wa kubeba: msibebe wa kukaanga akiwa moto ndani ya mfuko wa plastiki. Hutokwa jasho, ngozi inakuwa kama kitambaa kibichi, na mkifika ameanza kunuka. Akaangwe robo tatu, dakika nane hivi, apoe kabisa kwenye wavu, afungwe kwa karatasi, kisha kwenye kikapu chenye hewa. Nyumbani mnamrudisha kwenye mafuta ya moto dakika tatu au nne, au mnamtia mchuzini.

Wa mbichi: atumbuliwe, matamvua yatolewe, aoshwe, awekwe kwenye kisanduku chenye barafu. Kipimo ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, tabaka la barafu, tabaka la samaki, na barafu tumboni mwake. Kisanduku kiwe na tundu la kutoa maji chini. Samaki akiogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, ladha yote inaondoka. Kwa safari ya saa nne hadi Nakuru hiyo inatosha.

Omena wa kubeba nunueni waliokaushwa juu ya wavu, si waliotandazwa chini. Chukua kiganja, paka kwenye meno ya mbele: ukisikia mchanga, rudisha. Wakae kwenye gunia au karatasi. Nyumbani muwaoshe kwa maji ya moto mara tatu, vichwa vitolewe, ndipo wakaangwe.

#18 Section58_Nakuru

Nimenakili yote. Mbuta wa kilo nne, ngege watatu, supu ya kichwa kwanza. Tutapiga simu asubuhi kuuliza gugu maji.

#19 JalupoWaGhuba

Pigeni kabla hamjapita Kericho. Kukiwa kumefungwa mtaelekezwa mitumbwi imeshusha wapi, na mtapinda barabara mapema.